Kisulisuli Kilipoingia kwa Mama Adolphine

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani, mwezi niliouogopa kuliko yote ulikuwa Septemba. Baridi ya kiangazi ilikuwa imekwisha kwetu Likasi, kusini mwa Kongo, mvua bado iko mbali, na upepo wa moto ulishuka kutoka milimani na vumbi jekundu na masizi ya majani yaliyoungua. Midomo ilitupasuka. Nguo nyeupe za komunyo zilianikwa ndani ya nyumba. Na jua likiwa utosini, kisulisuli kilizuka barabarani, kikasimama wima kama mtu, kikaanza kutembea.

Baba alikuwa kiwandani, mama sokoni, kwa hiyo aliyeshinda nasi ni Nkambo, mama mzaa baba. Alitufundisha kwamba ndani ya kisulisuli hutembea marehemu anayetafuta kwao. Kikipita usiite jina la mtu, usikikatize njia, na moto uufunike. Hilo la moto hakulifanyia mzaha. Alimwaga mchanga kwenye mbabula, jiko letu la makaa, hata kama bukari, ugali wetu, ilikuwa bado haijaiva, nasi tukaila hivyohivyo. Jumapili alikwenda misa, na sikuwahi kumwona akisumbuka kwamba mambo hayo mawili hayapatani.

Mwaka ule Mama Adolphine alihamia nyumba ya pili kutoka kwetu. Mume wake, fundi wa umeme kwenye bwawa la Mwadingusha, alikuwa amekufa kwa ugonjwa, na ndugu za mume wakachukua nyumba. Alikaanga maandazi asubuhi, akayauza, akafunga mlango. Hakuwa mtu wa maneno. Watu walisema ana maringo.

Siku moja mchana nilikuwa uani kwake, nimetumwa, kisulisuli kilipotokea upande wa reli na kuingia moja kwa moja mle uani. Mimi nilijibanza ukutani. Yeye alikuwa amekwisha kuzima moto wake tangu asubuhi, jiko limepoa kabisa. Hakukimbia. Alisimama katikati, macho ameyafumba, vumbi likamzunguka, likamvua kitambaa cha kichwa, kisha likaruka ua na kwenda zake. Alipofungua macho alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Wanawake wawili waliokuwa wakipita waliona yote hayo.

Alasiri ileile moto ukashuka mlimani. Majani yalikuwa marefu kumpita mtu mzima, na yalipoungua yalitoa sauti kama ya mvua juu ya bati. Upepo ulirusha cheche mbele ya moto wenyewe. Watu walipigana nao kwa matawi, kwa ndoo, kwa mchanga. Hakufa mtu, lakini Papa Kasongo, jirani yetu, alipoteza jiko lake la nyuma na mbuzi wote, akaungua mikono akijaribu kuwafungua.

Kesho yake maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka. Kisulisuli kiliingia kwa yule mjane na hakikumfanya kitu. Basi ni chake, yeye ndiye aliyekituma kuleta moto. Kabla ya saa sita watu walijaa mlangoni kwake, Papa Kasongo mbele, mikono imefungwa vitambaa. Nyuma yake walisimama vijana wenye fimbo, na mmoja wao alishika bidoni ya petroli.

Nkambo alichukua kigoda chake, akapita katikati yao, akakiweka mlangoni na kukaa. Nilimfuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu.

"Mama, toka pale," Papa Kasongo alimwambia. "Haiko mambo yako."

"Njo mambo yangu. Minye njo nilifundisha batoto benu mambo ya kisulisuli. Nani kati yenu alisikia nasema inatumwaka?"

Nkambo aliwatazama mmoja mmoja.

"Mule munatembeaka muntu mwenye kufa, anatafuta kwabo. Huyu mwanamuke, bwana yake alikufa, hata mwaka haiyaisha. Weye Kasongo, siku utakufa, utaenda kusalimia nani wa kwanza?"

Papa Kasongo alitazama mikono yake. "Basi nani aliniunguzia mbuzi?"

"Pori iko mukavu, upepo iko mukali. Na kuko benye kuwasha majani juu ya kutafuta panya. Ubaulize."

Vijana kadhaa waliangalia chini. Nyuma ya Nkambo, Mama Adolphine, ambaye hatukuwahi kumwona akilia tangu ahamie, aliegemeza uso kwenye mlango akalia kwa sauti, akiita jina la mume wake. Watu hawakuweza kukivumilia kilio kile. Papa Kasongo aliondoka wa kwanza. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na yule wa bidoni akabaki peke yake barabarani kwa muda, kisha naye akaenda.

Nkambo alinituma kuleta unga na sufuria, akapika pale, tukala na Mama Adolphine. Mvua zilipoanza yule mjane alikwenda Kolwezi kwa kaka yake, bila kufukuzwa na mtu. Aliyembebea begi mpaka kwenye taxi-bus ni Papa Kasongo. Sikumsikia akiomba msamaha, alibeba tu.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza Nkambo alijuaje kwamba aliyekuwa ndani ya kisulisuli ni mume wa Mama Adolphine. Alikuwa akichambua maharage.

"Sikujua," alisema. "Nani anaweza kujua? Lakini kama lazima kuwe muntu mule ndani, minye nilichagua ule mwenye kumupenda."

Leo nina watoto wangu. Milima yetu bado inaungua kila Septemba, na moto ukizimwa bado watu hutafuta wa kumtwika lawama, mara nyingi mwanamke asiye na mtu wa kumtetea. Nimesikia wahubiri wakisema kisulisuli ni shetani, na walimu wakisema ni hewa ya joto tu. Kwa muda mrefu nilidhani Nkambo siku ile aliwadanganya watu kwa huruma. Sidhani hivyo tena. Hakujua ni nani, lakini aliamini kwamba marehemu hutembea mle, na ndani ya imani ileile iliyowaleta wenzake na petroli, alimtafutia jirani yake mahali pa kukaa.