Mtoto Wangu Ananiita Anti

Admin, tafadhali usiweke jina langu. Dada yangu anafuata hii page na husoma kila kitu.

Mimi ni mama wa miaka 32, naishi Kawangware, nauza nguo za watoto Soko la Toi. Nilizaa nikiwa na 21, baba ya mtoto akanikataa mbele ya mamangu. Msichana wangu akiwa na miezi minane nilipata kazi ya nyumba Saudia, nikamwacha na dada yangu mkubwa Kibera, pale Kisumu Ndogo. Yeye na bwanake walikuwa wamekaa miaka sita bila mtoto. Nilisema naenda miaka miwili, ikawa mitano. Mwajiri alininyang'anya simu, nyumbani wakadhani nimekufa.

Siku nilirudi, mtoto alijificha nyuma ya dada. Dada akamwambia, "Salimia anti." Nikapokea salamu. Sikuwa na nyumba, nilikuwa nalala kwa rafiki, nikajiambia wacha kwanza anizoee. Hiyo "kwanza" imefika miaka mitano.

Nikaolewa. Mwaka jana nikafanyiwa operesheni, nikatolewa kizazi. Bwanangu anajua kila kitu, ndiye aliniambia, "Enda umchukue mtoto wako." Nikaenda kumwomba dada birth certificate nimtafutie shule huku kwetu. Akakaa kitako kwa kitanda, akasema, "Iko na jina langu."

"Ulijiandikisha wewe ndio mama?"

"Shule ilitaka cheti na wewe hukuwa unapatikana. Ulitaka nimwambie mwalimu hana mama?"

Nilitaka kumpigia kelele lakini nikakumbuka yale amefanya. Mtoto akiugua nimonia, ni yeye alilala naye hospitali. Ni yeye alimfunza kutembea. Dada akaanza kulia, akanishika mkono: "Ukimwambia sasa utaniua. Ngoja amalize shule."

Sasa shemeji amepata kazi Kisumu. Desemba wanahama wote. Mtoto amefurahi, kila mtu anamwambia ataona ziwa.

Jumamosi alikuja sokoni kunisaidia kukunja nguo. Ako na miaka kumi na moja, mrefu kama mimi. Akashika kagauni ka mtoto mchanga, akaniuliza, "Anti, kwani wewe hukutaka watoto?" Nikamwambia nilitaka sana. Akasema, "Usijali, mimi nitakuwa nakuja likizo." Nilimwambia naenda choo. Nililia huko mpaka jirani wa kibanda akanifuata.

Dada yangu si mtu mbaya, msimtukane. Mkitaka kutukana, nitukaneni mimi. Lakini wenye mlilelewa na mtu mkidhani ni mama, nyinyi mngetaka kuambiwa mkiwa na miaka kumi na moja? Nimwambie kabla ya Desemba, ama niwapeleke stage ya basi, nimpungie mkono nikiwa anti? Nisaidieni mawazo, mimi yangu yameisha.