Taa ya Marinda Ambayo Mama Hakuiona

Saa mbili asubuhi, Fundi Kivuli ameinamia kompyuta yake, chai imepoa pembeni. Kwenye kioo taa inazunguka taratibu. Anabadilisha namba moja, na taa nzima inajikunja upya, rinda kwa rinda.

"Zamani ningekata karatasi wiki nzima kupata umbo hili," anasema. "Sasa kompyuta inanipa maumbo mia kabla sijamaliza chai. Kazi yangu ni kuchagua, na kuchagua ndiko kunakoniumiza kichwa."

Jina la Kivuli alibandikwa na majirani wa karakana yake, kwa kuwa kabla hajazungumzia mwanga wa taa huuliza kivuli chake kitaangukia wapi. Hubuni taa kubwa za mapambo za hoteli na kumbi. Mashine hukata vipande vyembamba vya plastiki, naye huviunga kwa mkono.

Marinda hakuyapata chuoni. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na alimsomesha kwa kushona sketi za marinda za sare za shule.

"Nilipima marinda ya mama nikayaingiza kwenye programu. Taa iliyonipa sifa mjini ni sketi ya mama iliyotundikwa darini," anasema, akicheka kidogo.

Kicheko hakidumu. Siku taa ile ilipowashwa kwenye ukumbi wa hoteli, alipewa kadi mbili za mwaliko. Moja yake, na ya pili akampa mteja mkubwa, akitumaini kupata kazi kwake.

"Mama alikuwa ameshapiga pasi gauni. Nikamwambia, mama, taa haikimbii, nitakupeleka siku nyingine. Akasema, haya mwanangu, kazi kwanza."

Siku nyingine ikawa inasogezwa tu, kazi juu ya kazi. Kisha presha ya macho ikampofusha mama. Mteja yule naye hakuagiza hata balbu.

"Najuta," anasema, bila kuzunguka. "Nilikuja kumpeleka baadaye. Akasimama chini ya taa, akainua uso, akaniuliza, 'Ndiyo hii?' Nikatoka nje nikalia."

Taa iliyo kwenye kompyuta leo haina mteja. Ni ile ile ya hoteli, imepunguzwa ikatosha chumba cha mama, na marinda yameachanishwa ili vidole vipite. Balbu zake haziunguzi mkono.

Wiki iliyopita alimpelekea kipande cha majaribio. Mama alikipapasa, halafu akasema, "Haya marinda ni yangu. Uliyaiba lini?"

Fundi anakusudia kuitundika Jumapili, kando ya kiti cha mama.

"Taa zangu zote nimezitundika juu, watu wazione," anasema. "Hii itakaa pale mkono wa mama unapofika."