Ulimi wa Bubu

Si kwamba alikuwa bubu kweli. Ulimi alikuwa nao mzima, na akiwa peke yake bafuni aliweza kugombana na watu kumi akawashinda wote. Ila mbele za watu maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Jina la Bubu alilipata wiki ya kwanza tu chuoni, katika darasa la mafundi wa maabara. Mwalimu wa vimelea alimuuliza jina lake mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Kiongozi wa darasa, kijana wa kifua mbele na mdomo usio na breki, akadakia kutoka nyuma: "Mwalimu, usijichoshe, huyo bubu." Darasa zima likaangua kicheko. Bubu naye akacheka. Alikuwa hodari wa kucheka pamoja na waliokuwa wakimchoma.

Kwao alikuwa kitinda mimba, binti pekee nyuma ya kaka wanne wenye makelele. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alizoea kuwaambia majirani, "Huyu wangu hasemi, lakini hasahau. Mkanyage leo, mwaka kesho atakuonyesha alama ya kiatu." Mama alidhani anatania. Bubu aliyahifadhi maudhi kama wengine wanavyohifadhi picha za harusi: nani alisema nini, siku gani, amevaa nini.

Basi jioni ya siku ile aliyoitwa bubu akafungua ukurasa mtandaoni, bila jina lake wala sura yake, akauita Jirani Mwema. Cha kwanza kurusha kilikuwa picha ya kiongozi wa darasa ameinua mkono kujibu swali, kwapa la shati limechanika. Chini yake akaandika: "Kiongozi wetu ana majibu yote, kakosa uzi tu." Kufika asubuhi watu arobaini walikuwa wamecheka. Kufika Ijumaa, mia tatu. Kwenye foleni ya chakula akawasikia wawili mbele yake wakilirudia lile neno la uzi, na mmoja akasema, "Huyu Jirani ni nani? Ana akili huyu mtu!" Bubu aliishika sahani kwa mikono miwili, akasogea karibu asikie zaidi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kurudia neno lake.

Hapo ndipo alipokamatika. Aliichungulia simu chini ya meza, chooni, kwenye ngazi, akipiga mswaki. Vicheko vikichelewa, aliufungua ukurasa upya. Vikija, alitaka vingine. Kwenye mazoezi ya maabara ilimpasa amwagie slaidi, kile kioo cha kuwekea sampuli, rangi ya zambarau, asubiri dakika moja, kisha aioshe. Yeye alimwaga rangi, akatoa simu kwenye mfuko wa koti jeupe, na alipozinduka slaidi ilikuwa nyeusi tii kama sufuria iliyoungua. Mwalimu akaiinua kwenye mwanga. "Humu kuna vimelea au kuna lami?" Kabla ya chakula cha jioni mwalimu naye alikuwa ukurasani, yeye na upara wake.

Chumbani alikaa na mwanamke wa miaka thelathini na minane, ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi. Huyu alikuwa amepiga deki hospitali ya mji ule kwa miaka kumi na mmoja, huku akiirudia mitihani ya sekondari somo moja moja, mpaka akapata nafasi ya chuo. Alikuwa mtu wa sauti. Alisali kwa sauti, alikoroga chai kwa sauti, na alisoma kwa sauti, maana alisema macho yake peke yake hayaaminiki. Wawili hao hawakuivana tangu siku ya kwanza.

"We mtoto, toka asubuhi hujaniamkia, lakini hilo dude umeliamkia mara sitini."

"Shikamoo," Bubu akasema bila kuinua kichwa.

"Kaa nayo. Salamu ya kuombwa haina ladha."

Siku nyingine, mbele ya wageni wake wawili, Shangazi alimsonta kwa kidevu akasema, "Huyu mwenzangu ni kama kabati. Lipo chumbani, lakini usilitegemee kwa mazungumzo." Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ilikuwa Jumanne, Shangazi amejifunga kitambaa cha kijani kichwani. Bubu akaihifadhi.

Jumamosi moja mchana Shangazi alikuwa akitembea katikati ya vitanda, daftari mkononi, akikariri majina ya vimelea kwa ajili ya mtihani. Akafika kwenye stafilokokasi. Akakwama. Akarudi nyuma, akalivamia kwa kasi kama mtu anayeruka mtaro: "Stafilo... kuku... si. Stafilokukusi!" Akafurahi mwenyewe, akalirudia mara nne huku akipiga makofi. Bubu alikuwa amelala kifudifudi, simu imechungulia kwenye mkunjo wa blanketi. Akairekodi sauti ile, akairusha na maneno haya: "Mpiga deki agundua ugonjwa mpya wa kuku."

Watu elfu mbili. Jirani Mwema alikuwa hajawahi kupata elfu mbili.

Kufika Jumatatu, kila Shangazi alikopita walimlilia kama kuku: "Ko-ko-ko! Kuku si!" Mtu akamwekea unyoya kwenye kiti chake maabara. Hospitalini, walikokwenda kwa mafunzo, muuguzi mmoja aliyemfahamu zamani akamwambia bila kupepesa, "Wewe ungebaki tu na ndoo yako." Shangazi, ambaye hakuwahi kuishiwa maneno, alirudi chumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Sauti ile niliitoa humu," akasema. "Mlango umefungwa. Tulikuwa wawili. Wa tatu alikuwa nani, mende?"

"Sijui."

"Niangalie nikisema na wewe."

"Labda mtu alipita dirishani."

"Ghorofa ya tatu? Alipita na mabawa?"

Bubu akageukia ukutani. Aliogopa, lakini chini ya ule woga kulikuwa na kitu kingine, kitamu na kichafu. Kidole gumba kilikuwa kikiteleza juu ya kioo, akitazama kama wafuasi wameongezeka.

Asubuhi yake, kabla mwalimu hajaingia, Shangazi alisimama mbele ya darasa.

"Mnamtafuta Jirani Mwema? Huyu hapa. Nalala naye chumba kimoja."

Wote wakamgeukia Bubu. Kisha kiongozi wa darasa akapasuka kwa kicheko. "Bubu? Shangazi, tuhurumie! Bubu hawezi hata kuagiza chai, ataandika yale? Yale ni ya mtu mwenye kichwa!" Wakapiga meza, na kule nyuma mtu akalia kama kuku. Shangazi akabaki pale mbele, kidole kimenyooka, asiwepo aliyemwamini.

Bubu alikuwa ameokoka. Angenyamaza tu kama alivyonyamaza maisha yake yote, jambo lingeishia hapo. Lakini yale maneno, "mtu mwenye kichwa", yalimkaa vibaya. Miezi saba amewachekesha, wamemsifu wasimjue, na sasa wanaambiwa ni yeye wanakataa. Akasimama.

"Ni mimi."

Waliomsikia ni wa karibu tu.

"Ni mimi!" Safari hii sauti ilitoka kama kizibo cha chupa. "Wewe, tarehe tisa, uliniita bubu. Wewe pale ulinikalisha kwenye kiti kibovu, ukawaita wenzako waje waone nikianguka. Wewe ulichukua daftari langu, ukalirudisha limechorwa tumbili, na jina langu chini yake. Na wewe Shangazi, Jumanne, mbele ya wageni, uliniita kabati!" Aliwaendea mmoja mmoja kwa kidole, mate yakimruka, na hakuna aliyecheka. Alijihisi mrefu. Hakuwahi kuonja utamu kama ule.

Msichana wa mstari wa mbele, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, akamgeukia. "Mimi nilikukosea nini?" akauliza. "Uliandika kwamba mama yangu amefungwa."

Bubu akatafuta kosa la kumtajia. Kwa huyo hakuwa na tarehe. Aliandika kwa sababu siku hiyo vicheko vilikuwa vichache.

Walimpeleka kwa mkuu wa chuo, na mkuu akampeleka kwa mshauri wa wanafunzi, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mshauri akampa karatasi ya maswali ya tabia: je, unachukua muda mrefu kusahau ulivyoudhiwa? Je, unajilinganisha na wengine? Je, unakosa utulivu ukiwa mbali na simu? Bubu akajibu "daima" kila mstari, akaisukuma karatasi mezani. Mshauri aliisoma yote.

"Simu haikukupa roho hii," akasema. "Imeipa miguu tu. Nenda nyumbani, urudi mwakani uanze upya. Kama si Shangazi wako kuniambia usifukuzwe moja kwa moja, tusingeonana tena."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilitaka ufukuzwe."

Nyumbani alikaa kwenye kigoda nyuma ya cherehani ya mama yake, akisoma matusi. Kiongozi wa darasa alikuwa ameisambaza picha yake, na watu wasiomjua walimiminika kumtukana: sura yake, sauti yake, mama aliyemzaa. Aliyasoma yote mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo. Siku ya nne mama alizima cherehani, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Mama, ngoja nimalize."

"Unamaliza nini? Unalamba matapishi yako mwenyewe?" Akampokonya, akaifungia simu kwenye sanduku la nguo pamoja na mashati yaliyosubiri kola. "Nimeinamia mashati ya watoto wa watu mpaka mgongo umepinda, ili wewe ujifunze kuangalia magonjwa. Sikukutuma ukawe mmojawapo."

Bubu alimchukia mama yake kwa wiki tatu nzima. Alishona vifungo akijidunga sindano, na kila mara mkono uliruka wenyewe kwenye mfuko mtupu. Siku moja aliuliza, "Mama, ulijua nina moyo wa namna hii?"

"Nilijua," mama akasema, uzi ukiwa mdomoni. "Nilidhani utakua uuache."

Alirudi chuoni mwaka uliofuata, akaanza upya na wanafunzi wapya. Simu yake sasa ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu, na alijiambia ni kwa hiari yake, ingawa mama ndiye aliyeinunua. Mwaka wa kwanza aliupitisha akimkwepa Shangazi, na alipofika mwaka wa pili walimpanga kwa mafunzo katika ile ile hospitali ya mji. Aliyefungua mlango wa maabara alikuwa Shangazi, ndani ya koti la fundi kamili, kalamu mbili kifuani.

"Vaa glavu," Shangazi akasema. "Soma namba kwenye mrija wa damu, kisha jina, kisha ndipo uguse. Habari za chumbani hazina nafasi humu."

Bubu akavaa glavu. "Shangazi, nilitaka kusema samahani. Na kuuliza kwa nini ulinitetea."

"Sikukutetea. Mtu akifukuzwa huondoka na kinyongo chake kama kilivyo. Nilitaka ubaki, ukutane na sisi macho kwa macho." Alikuwa akiipanga mirija, hakugeuka. "Samahani yako nimeisikia. Siku ya kuipokea usinipangie."

Walifanya kazi pamoja wiki sita, meza moja, bila neno la ziada. Bubu alikuwa na mkono mtulivu, hakuharibu slaidi hata moja. Mara mbili alimsikia Shangazi akiwasomea wagonjwa majibu kwa sauti kubwa, akikosea jina la dawa, na mara zote mbili kichwa cha Bubu kilikwisha tunga maneno ya kuandika kabla mwenyewe hajakizuia.

Siku ya mwisho Shangazi alimpa karatasi ya tathmini ili atie saini. Kwenye nafasi ya maoni Shangazi alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Kazi safi. Aangaliwe."

Bubu aliyasoma, damu ikampanda mpaka masikioni. Akatia saini.