Viatu vya Kushukia Lipingo

Mjukuu wangu amenunua viatu vya kupandia milima. Vina soli nene yenye meno na kamba za rangi mbili, na anasema havipitishi maji. Yeye na wenzake wanataka kwenda kule Rungwe, wapande mlima hadi kwenye ziwa lililoko juu, walitazame, kisha washuke. Hawapeleki kitu wala hawaendi kuchukua kitu. Akaniuliza sisi tulipokuwa tukienda ziwani kwa miguu tulichagua viatu gani. Nikamwambia nitamwandikia, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo sifiki mwisho.

Kwetu ni Mbuji, juu, kwenye kahawa na ngoro. Ngoro ni yale mashimo tunayochimba shambani ili mvua isiubebe udongo wote kuupeleka bondeni. Ziwa Nyasa liko chini kabisa, nyuma ya milima, na ukitoka asubuhi unalala njiani. Dada yangu aliolewa huko chini, Lipingo. Siku tuliyompeleka, mama mkwe wake alisimama mbele ya nyumba yake akatutazama miguu, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa miguu ya watu wanaolima mlimani, visigino vimepasuka na udongo mwekundu umejaa kwenye mipasuko. Akasema ili wote wasikie, "Jamani, mimi nilimtaka mke wa mwanangu tu. Mbona mmeniletea na ngoro zenu?"

Watu wa ziwani walicheka hadi wakashikana mabega. Sisi tulicheka kidogo, kwa adabu. Baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wetu tangu baba afariki, hakucheka kabisa. Njia nzima ya kurudi aliisema habari ya miguu. Alisema siku tutakayorudi pale, tutarudi na viatu.

Tulirudi baada ya miaka michache, katika miaka ile ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Katibu kata wetu, mtu wa kutoka mkoa mwingine, alipenda sana kutuhutubia juu ya katambuga, yaani viatu vya tairi. Alisema katambuga ni kiatu cha mwananchi anayejitegemea, kwamba hakiombi dawa wala brashi, na kwamba anayekidharau ana kasumba ya mkoloni. Aliyasema hayo akiwa amevaa raizoni zenye kisigino kirefu kama kinu cha kutwangia karanga. Tulimpigia makofi. Makofi siku zile yalikuwa sehemu ya kazi za kijiji.

Asubuhi moja shemeji, mdogo wake mume wa dada, alifika kwetu akiwa ametembea tangu jana yake alasiri, usiku kucha. Alisema dada amefariki kwa homa. Alisema pia kwamba wangetungoja hadi kesho yake saa sita mchana, wasingeweza zaidi, kwa sababu kule chini kuna joto. Kama tungeondoka wakati ule ule tungefika mapema na kumwona.

Mama alikuwa hawezi tena kutembea. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu masika. Alinivuta mkono akanikalisha karibu naye. "Kanitazamie uso wake," alisema. "Ukirudi uniambie ulikuwaje."

Hilo ndilo nililotumwa, wala sikutumwa jambo jingine. Nikafunga kanga yangu ya pili kiunoni, nikatoka nje kuwangoja wenzangu.

Huko nje kikao cha viatu kilikuwa kimeanza. Baba mdogo alikuwa ameamua kwamba hakuna mtu wa ukoo wetu atakayeingia Lipingo peku, wala na katambuga, kwa kuwa katambuga huacha visigino wazi, na visigino ndivyo vilivyokuwa kesi. Basi watu wakatumwa kuazima. Mzee mmoja aliyepigana vita vya Mwingereza alitoa buti zake. Zilimzidi baba mdogo vibaya, akazijaza maganda ya mahindi. Hazikuwa na kamba, akazifunga kwa katani. Mwalimu alitoa raba, lakini moja ilikuwa na tundu mbele, na ikajadiliwa kwa kirefu kama kidole kitachungulia. Ikaonekana kitachungulia. Raba zikarudishwa. Shangazi alipata viatu vyeupe vya plastiki ambavyo mwenye navyo alivivaa kanisani tu, akiwa amekaa. Mimi nililetewa raizoni. Mke wa katibu kata alikuwa nazo pia, na alinipa kwa moyo mweupe, akilia pamoja nami, na siwezi kumsema vibaya.

Wakati wote huo shemeji alikaa kwenye gogo akila ugali. Alikuwa ameipanda milima ile yote gizani bila kiatu chochote, na miguu yake ilikuwa mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeiangalia. Alipouliza mara ya pili kama tunaondoka, baba mdogo alimwambia avute subira, mambo ya heshima hayaendi mbio. Tuliondoka jua likiwa limeshaanza kuinama.

Sasa nimweleze mjukuu wangu kuhusu viatu. Buti kubwa kwenye mteremko ni kama kutembea na mtu mwingine: mguu wa baba mdogo ulitangulia na buti likafuata, na kila hatua wakagongana. Plastiki ikipata jua humpika mtu polepole, na shangazi alianza kunung'unika kabla hatujaumaliza mlima wa kwanza. Raizoni kwenye tambarare zinakuongezea urefu. Kwenye mteremko zinakusukuma kutoka nyuma, kama mtu mwenye haraka kuliko wewe. Nilishuka nikiwa nimeshika miti. Tulilala mbali sana na pale tulipopaswa kulala.

Kesho yake asubuhi, tulipofika mahali ambapo ziwa linaonekana lote, kisigino changu kimoja kilikatika. Niliona mapaa ya chini na moshi. Nilivua zote mbili nikamwambia baba mdogo kwamba mimi natangulia hivi hivi.

"Ukiingia peku wewe, umetuingiza wote peku," alisema. "Kaa hapo."

Nikakaa. Nilikuwa msichana, na yeye alikuwa mahali pa baba yangu. Akatafuta jiwe, akanyoosha msumari, akagonga. Kisigino kikashika, kikaachia, akagonga tena. Shemeji alisimama ametupa mgongo, anatazama chini kule kwao.

Saa sita ilikuwa imeshapita tulipofika kwenye kijito kilicho karibu na kijiji. Hapo baba mdogo alisimamisha msafara tena ili tufute vumbi. Tulikata majani tukafuta. Yeye alifuta buti zake mbele na nyuma, akatema mate, akafuta tena. Tukiwa tumeinama hivyo tulisikia nyimbo zimenyamaza, kisha majembe. Udongo wa ziwani ni mchanga, na mchanga ukimwagwa hausikiki sana, lakini majembe husikika. Shemeji alikimbia. Mimi nilikimbia nyuma yake, na kisigino kikabaki kwenye kijito.

Lilikuwa limebaki tuta tu, na wanaume wawili wanalisawazisha.

Walitupeleka msibani. Pembeni ya ua mwanamke mmoja alitushika mikono, akasema kwa upole, "Viatu hapo, wageni." Pale kando palikuwa na viatu vichache vya watu wachache waliokuwa navyo, vimepangwa. Ndani ya ua, kwenye mikeka na kwenye mchanga, watu wote walikuwa peku. Na sisi tukavua. Maganda ya mahindi yalimwagika kutoka kwenye buti za baba mdogo, akayasukuma kando kwa mguu.

Mama mkwe wa dada alikuja kwetu. Tukampa shikamoo. Alikuwa amelia hadi sauti imekwisha.

"Tumewangoja, wakwe zangu, hadi tukashindwa. Mlikwama wapi?"

"Njia," alisema baba mdogo. "Njia ilikuwa mbaya."

Yule mama alitazama miguu yetu, kama alivyofanya siku ya harusi, mmoja baada ya mwingine. Malengelenge ya shangazi yalikuwa yamepasuka. Vidole vya baba mdogo vilikuwa vinatoka damu kwenye kucha.

"Njia gani hiyo inayouma vidole kwa juu?" aliuliza.

Shemeji alimwambia maneno machache kwa Kinyasa, na nililitambua moja, ngoro. Yule mama akaweka mkono mdomoni.

"Ule ulikuwa utani," alisema. "Ninyi watu wa juu, hamtaniwi?"

Baba mdogo alitazama mchanga. Hadi amekufa sikuwahi kumsikia akitaja tena habari ya miguu.

Siku ya kuanua tanga, vitu vya dada viligawanywa. Mama mkwe alinipa katambuga zilizokuwa zimetundikwa ukutani. Ndizo alizoshukia siku ya harusi. Mama ndiye aliyemtengenezeshea, kwa tairi la lori. Yule mama alisema kwamba dada hakuzivaa pale mchangani hata mara moja, alikuwa akisema ni za kupandia kwao.

Nilipandia hizo. Zilinitosha, na sikupata lengelenge hata moja. Inaniudhi kusema kwamba katibu kata alikuwa amesema kweli. Alichokosea ni kuisema akiwa ndani ya raizoni. Baba mdogo alipanda peku, buti zikiwa begani, na mwenye buti alilalamika kwa wiki nzima juu ya mchanga.

Mama alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha.

"Ulikuwaje?" aliuliza.

"Sikuuona, mama. Tulikuta wamefukia."

"Mlichelewa nini?"

Nikamwambia viatu. Nilimweleza yote, buti, plastiki, kisigino, na yale majani ya kwenye kijito. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha aliona nilichovaa, akanyoosha mkono. Nilivua nikampa. Alipitisha kidole kwenye mikanda, akaisogeza miguu yake iliyovimba, akazivaa taratibu, moja, kisha nyingine. Kwa nyuma visigino vilizidi nje.

Alikaa nazo hivyo hadi ugali ulipoiva, na alipoletewa chakula alikula akiwa amezivaa.