Simu Iliyopanda Lori la Juba

Benedetta anauza chai na chapati kando ya foleni ya malori Malaba, na kwa mdomo hajambo. Dereva aliyekwama forodhani atamjia na hasira zake zote, atataniwa mpaka acheke, na ataongeza chapati. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja ambaye maneno yake hayakumfikia: binti yake Akurut, wa kidato cha pili.

Akurut alikuwa ameacha shule bila kuaga. Alishinda nyuma ya pazia na simu, akijiita Naya, akiongea kwa laivu, matangazo ya moja kwa moja, na watu ambao mama yake hakuwaona. Chakula kilipoa mlangoni. Ukimwita Akurut hageuki. Jina hilo la nyanya wa baba yake lilimpita kama upepo. Mshauri wa kituo cha afya alimwambia Benedetta, "Mama, mtoto ni mgonjwa, si mkaidi. Punguza simu polepole, na uwe unamleta hapa." Polepole! Benedetta hakuwa na subira hiyo, tena aliwaonea haya majirani, wasije wakasema amezaa mwendawazimu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nani husikiliza methali akiwa na aibu?

Mtu wa Malaba akitaka kitu kiende kisirudi, hukipa lori. Asubuhi moja, Akurut akiwa bafuni, Benedetta aliichukua simu akamkabidhi dereva wa Juba. "Boss, hii kitu itupe mbali huko. Usiniambie wapi."

Akurut hakulia. Hata kuitafuta hakuitafuta. Aliketi kitandani, kiganja wazi, kidole gumba kikipanda na kushuka juu ya ngozi tupu, na mara kwa mara alicheka, kisha akanyamaza kama anayesikiliza jibu. Kesho yake, mvua ikinyesha Malaba nzima, alijipepea kwa leso akasema, "Huku ni joto mbaya." Baadaye alianza kujipangusa vumbi usoni, na uso ulikuwa safi. Benedetta aliogopa, aliogopa hasa: joto na vumbi ni vya barabara ya Juba. Alimpigia yule dereva; hapatikani.

Ndipo akampeleka msichana kijijini Adungosi, kwa mama mkwe wake.

"Jina limemtoka," bibi alisema baada ya kumtazama sana. "Tutamwita upya."

Wateso, kabila lao, humpa mtoto mchanga jina hivi: bibi huchovya kidole katika pombe ya wimbi, humtia mdomoni, huku akitaja majina ya wazee waliofariki. Jina litakalotajwa mtoto akanyonya, hilo ndilo lake, na mwenye jina hilo atamlinda. Kumfanyia hivyo msichana mkubwa hakukuwahi kuonekana, lakini bibi alikaa mkekani mchana kweupe, akachovya.

"Akurut." Midomo haikufunguka. "Amoit." Haikufunguka. Bibi alitaja wanawake wote waliozikwa katika boma lile hadi sauti ikamkauka. Kidole gumba cha msichana kiliendelea kupanda na kushuka.

Benedetta alishindwa kuvumilia. Alitaka mtoto wake aitike, aitike tu, hata kwa jina la kuokota.

"Naya," alisema.

Msichana alinyonya. Alinyonya kwa nguvu, macho kayafumba, kama aliyezaliwa asubuhi hiyo, hadi bibi akachomoa kidole kwa woga.

"Huyo Naya ni nani?" bibi aliuliza. "Mimi simjui. Hana kaburi hapa. Wewe mama, umempea nani mtoto wetu?"

Msichana alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akamtazama mama yake usoni. Akatabasamu vizuri, kwa adabu.

"Karibu kwa laivu, dada. Unanicheki kutoka wapi?"

Machozi yalimjaa Benedetta. Lakini mtoto alikuwa anaongea naye, na mama alijua kwamba asipojibu, mtoto ataondoka tena.

"Malaba," alisema.