Siku Niliyokataa Kushuka kwenye Baiskeli ya Baba

Majuzi mfanyakazi mwenzangu alinialika safari ya baiskeli. Tungefuata Mto Nairobi polepole, alisema, tupite Dagoretti na Thogoto, tutazame majengo ya kale ya wamisheni, tule mchana Kikuyu, na jioni tuwe tumerudi. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Kwani huko kuna nini?" Alicheka akidhani natania. Wewe unayenijua hungecheka. Mimi ni mtu wa kushuku, na njia hiyo niliwahi kuipita miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa, nimekaa nyuma ya baiskeli ya baba na roho mkononi.

Tulikuwa tunaishi Gatwekera, mtaa wa Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati: baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Wazazi walikuwa wametoka Magharibi kutafuta kazi. Baba alisambaza mkate. Kila alfajiri alifunga kreti kwenye keria ya baiskeli yake, ile nyeusi nzito tuliyoiita Black Mamba, akazungukia vibanda vya Kawangware hadi Gatina. Alirudi saa nne akinukia mkate, na sisi tulimkimbilia tukamnusa shati kabla hata ya kumsalimia.

Mimi nilipewa jina la nyanya, mama mzazi wa baba, kwa hiyo baba aliniita "mama". Heshima hiyo ilikuwa na hatari yake. Kwetu, maisha yakibana mjini, mtoto wa kwanza kupelekwa ushago, kule kijijini, ni yule mwenye jina la nyanya, akamchotee maji na kumwashia moto. Na hakuna mtoto aliyeambiwa mapema. Msichana wa jirani aliambiwa anapelekwa kuona ndege zikiruka, tukamwona tena baada ya miaka mitatu, mrefu, mkimya, na Sheng yetu ya mtaani yote imemtoka. Tangu hapo watoto wa ploti yetu tulizijua dalili: kuogeshwa asubuhi badala ya jioni, viatu vya mitumba vya soko la Toi vinavyozidi mguu ili ukue navyo, na soda. Na wiki hiyo nilikuwa nimemsikia mama nyuma ya pazia akimwambia baba, "Huyu itabidi aende."

Basi Jumamosi ikafika, na mama akaniogesha asubuhi. Akanipaka mafuta mpaka magotini, akanivisha viatu vilivyohitaji gazeti ndani. Nje baba alikuwa anaosha baiskeli. Kreti haikuwepo. Mahali pake alikuwa amefunga blanketi lililokunjwa vizuri.

"Mama, leo twende tukaone mahali mto unaanzia," akaniambia.

Nilimtazama. Mtu mzima gani anaendesha baiskeli kutoka Kibera kwenda kuangalia maji yakianza? Kwenye mfuko niliona nusu mkate na chupa mbili za soda. Jirani muuza omena, vile visamaki vikavu, akainua kichwa kwenye karai lake akasema, "Haya, enda salama, usitusahau." Alikuwa akiwaambia hivyo hata wanaokwenda chooni, lakini asubuhi hiyo maneno yake yalinichoma.

Tulipita Toi watu wakifungua marobota ya mitumba, tukavuka Ngong Road, tukateremka Kawangware mpaka mtoni nyuma ya Gatina. Pale tulianza kufuata kijia kando ya maji. Siku hizo mto bado ulikuwa na sauti. Wanawake walifua nguo juu ya mawe, kulikuwa na nduma zenye majani mapana, na nyasi ndefu za nepia zilitukwaruza miguu pande zote mbili. Wenye vibanda walimwita baba, "Buda, leo mkate wapi?" naye akawajibu, "Leo nimebeba mama." Alikuwa anapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia baba akipiga mluzi, na nikaona wazi kuwa ni mluzi wa mtu anayeficha jambo.

Dagoretti alininunulia mutura, utumbo uliojazwa nyama, ya moto moto kwa mchinjaji, na chumvi kwenye karatasi. Niliila yote, kwa maana kushuku si kufunga. Lakini niliila nikiwa juu ya keria. Nilikuwa nimeamua kwamba baiskeli ndiyo usalama wangu: nikishuka nikaiacha, yeye ataipanda aende. Thogoto alitaka niguse ukuta wa kanisa la mawe la zamani, akasema mawe yale yalichongwa kabla nyanya hajazaliwa. Nilikataa. Akagusa yeye peke yake, akanitazama, akarudi.

Kisha tukafika Kikuyu, nikaona reli.

Treni ya kwenda kwetu ilipita hapo, hilo nililijua. Nikaelewa kwa nini tumekuja kwa baiskeli: ili majirani wasinione nikipanda treni Nairobi. Baba alisimama karibu na stesheni kuomba maji kwa mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha. Nikamwuliza yule mama, "Treni ya ushago inapita saa ngapi?"

"Jioni, mtoto. Kwani wewe ndio unasafiri?"

"Baba anataka kuniacha hapa," nikasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mmshike."

Watu wawili watatu waligeuka. Mama wa mahindi akamtazama baba kutoka viatu hadi kofia, akamwuliza mtoto ni wa nani. Baba akasema ni wake. Akaulizwa jina langu, akalitaja, nami sikumsaidia hata kwa kutikisa kichwa. Ilibidi ajieleze kwa muda mrefu, jasho likimtoka, mpaka walipoturuhusu kwenda. Hakunigombeza.

Ondiri, kwenye kinamasi ambapo mto unaanzia, alivua viatu akaingia kwenye nyasi. Ardhi ya pale inabonyea ukiikanyaga, unaruka kama uko kitandani. Aliruka, mtu mzima yule, akaniita, "Kuja mama, kuja ujaribu." Nilikikumbatia kiti cha baiskeli kwa mikono miwili. Akaruka mara mbili tatu zaidi, peke yake, kisha akaacha. Tulikunywa soda, tukarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nilipoingia ndani nilijiona mshindi.

Jumatatu alfajiri sikusikia kengele ya baiskeli. Baba alikuwa ametoka kwa miguu kwenda kutafuta mjengo, kibarua cha ujenzi, na ukutani ilibaki alama ya tairi tu. Mama alikuwa anasonga uji. Hakugeuka aliponiambia, "Ameiuza jana. Nilikuwa nimemwambia uende kwa nyanya. Akasema afadhali baiskeli iende."

Baba alifanya mjengo mpaka mgongo ukakataa. Siku hizi sehemu ya kile kijia imefungwa na kuta za watu, na mto nyuma ya Gatina hauingizwi mguu wala ndoo. Nimewahi kupita Kikuyu kwa gari mara nyingi, sijawahi kusimama Ondiri. Naona aibu, hata mbele ya nyasi.

Niliwahi kumwuliza baba, akiwa mzee tayari, kwa nini hakuniambia tu.

"Ningekuambia naiuza kwa sababu yako, ungeipanda ukifurahi?"

Nikasema hapana.

"Sasa. Nilitaka siku moja tuitembeze bure, bila mkate, wewe ukicheka huko nyuma." Akajisugua magoti. "Nilikuwa natega sikio njia yote."