Machela Iliyobaki Hospitali

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha redio, Kitui, mratibu wa ambulensi alinipa kiti chenye mguu mbovu na onyo moja. "Dereva akikwambia amekwama hospitali, kwanza muulize anakula nini." Nilicheka, kisha nikaliamini neno hilo kwa miaka mingi.

Kazi yetu ilikuwa kupokea simu, kuchagua gari na kuchunga muda wa kufika, yaani tangu mtu apige simu hadi ambulensi imfikie mgonjwa. Gari likiwa bado linakabidhi mgonjwa hospitali, halikuwa huru kutumwa. Hapo ndipo nilipowashuku madereva. Wa Tseikuru nilidhani wanabeba mbuzi; wa Nuu, wanalala.

Nilipohamishiwa Makueni kuwa msimamizi wa zamu, nilimshuku zaidi Kyalo, dereva wa upande wa Mtito Andei, kwa kuwa hoteli kule zimepangana kando ya barabara. Mchana mmoja fundi wa mawe, Musyoka, alianguka kutoka ukuta wa ghorofa. Gari la karibu lilikuwa la Kyalo, nalo lilikuwa limesimama hospitali tangu asubuhi.

"Kyalo, bado uko hapo?"

"Bado, mkubwa. Wameshika machela yangu. Mgonjwa amelala juu yake, kitanda hakuna."

"Nasikia sahani."

"Ni trei za dawa, mkubwa."

"Trei za dawa zina pilau siku hizi? Toka uende kwa fundi."

"Bila machela?"

"Wewe ni dereva ama ni machela? Toka!"

Alitoka. Alifika upesi sana, nami nikafurahi. Kisha redio ikalia. "Nimefika, mkubwa. Anasema hasikii miguu. Sasa nimlaze wapi?"

Walimlaza sakafuni mwa gari juu ya mablanketi, na barabara mbovu ikamrusharusha hadi hospitali. Hakutembea tena. Daktari alisema huenda uti wa mgongo uliumia pale alipoanguka. Hiyo "huenda" sijawahi kuiamini. Mkurugenzi wa huduma naye alinisifu kwa muda mzuri wa kufika, na tangu hapo nikawa nashuku hata sifa.

Nilienda hospitali mwenyewe. Koridoni wagonjwa walikuwa wamelala juu ya machela zetu, zingine hata sikujua zimepotea. Nikaweka kanuni: gari lisilo na machela haliendi kwa mtu aliyeanguka, hata muda uharibike, na wa kugombana na hospitali ni msimamizi, si dereva.

Nyinyi mnaokaa redioni sasa, mwendo wa gari mnauona kwenye simu. Kilicho ndani yake bado lazima muulize, na mkijibiwa, msikie.

Baada ya kustaafu nilimtembelea Musyoka. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akiukosoa ukuta wa jirani. Nilimweleza nilichoamuru siku ile.

Aliuacha ukuta, akanigeukia. "Dereva aliiomba hiyo machela?"

"Aliiomba."

"Mzee, huyo mtu huja hapa kila Krismasi na unga na nyama. Namfukuza. Na hajawahi kukutaja."

Sikujua hilo. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Mpigie simu. Mwambie aje. Na wewe, ukimaliza kuongea, uende kabla hajafika."

Nilipiga, nikaenda.